Gauni la jioni la mwaka 1912: shanga zinavuta neti na mabega yanashuka. Nimekosea wapi?

Fundi Mwanahawa, Tanga

Habari zenu mafundi wenzangu.

Nina gauni la sendofu mezani, zimebaki siku kumi na tisa, na halikai. Naomba anayejua anisaidie.

Binti aliniletea picha kwenye simu. Anasema ni gauni la wakati wa Titanic, la wale matajiri wa Ulaya walivyovaa wakienda kwenye chakula cha usiku na dansi. Ndani ni satini ya krimu. Juu yake kuna neti nyeusi iliyojaa shanga kuanzia mabegani hadi magotini, halafu inaachana mbele kama pazia. Kiuno kiko juu, kidogo tu chini ya maziwa, kimefungwa mkanda mpana wa hariri. Mikono ni mifupi, ya neti tupu. Nyuma kuna mkia mfupi wenye ncha.

Nimeshona magauni ya harusi miaka kumi na moja na sijawahi kukataa kazi kwa ugumu wake. Nikatafuta mtandaoni patani ya gauni la jioni la miaka ya 1900, nikapata moja: kifua kimejaa mbele kama cha njiwa, tumbo limelala, makalio yamerudi nyuma. Nikashona na kozeti yake, ile nguo ngumu ya ndani ya kubana mwili, kama walivyoelekeza. Siku ya kujaribu binti akawa amesimama kama anayetaka kuokota kitu chini, na mkanda umepanda upande mmoja. Nikafumua.

Mara ya pili nikaacha kozeti. Nikaunganisha neti na satini mabegani, kama ninavyoshona magauni yote. Shanga zangu ni kilo 1 na gramu 400, nilizipima kwenye mizani ya dukani kwa jirani. Binti akasimama dakika kumi tu, neti ikashuka sentimita nne, shingo ikafunguka, na bega la kushoto likaanza kuachia.

Kuna jambo la pili. Mama yake ameiona picha akasema nyeusi haiingii kwenye sendofu ya mwanawe, hiyo ni rangi ya msiba. Binti analia, anataka nyeusi. La tatu, anataka glavu ndefu na unyoya kichwani. Mimi nawaza keki. Atawalishaje wakwe keki akiwa na glavu hadi juu ya kiwiko?

Kurudisha pesa sitaki. Lakini kuliko pesa, nataka kujua wale walishonaje. Neti yao ilikuwa nyepesi kama yangu, shanga zao zilikuwa za kioo, nzito kuliko zangu za plastiki, na magauni yao yapo makumbusho mpaka leo, miaka mia imepita.

Kassim, Kariakoo

Dada Mwanahawa, pole. Weka neti mbili, halafu mabegani pitisha utepe wa pamba kwa ndani ili mshono usinyooke. Ikishindikana punguza shanga za nyuma, ukumbini watu wanatazama mbele.

Fundi Mwanahawa, Tanga

Asante kaka Kassim. Utepe nimeujaribu leo: bega halichaniki tena, lakini gauni zima bado linashuka. Shanga siwezi kupunguza, ameshazilipia zote.

Bi Rukia, Mombasa

Mwanangu Mwanahawa, usifumue tena kitu mpaka usome hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Nilishona Uingereza miaka ishirini na miwili, katika chumba cha mavazi cha ukumbi wa tamthilia, na kazi iliyokuwa ikinijia zaidi ni hayo magauni ya kabla ya vita vya 1914. Nimerudi nyumbani sasa, lakini mikono haijasahau.

Kosa lako la kwanza liko kwenye patani. Umechukua ya miaka mingine. Mtu akisema "magauni ya mwanzo wa karne ya ishirini" utadhani ni mtindo mmoja, kumbe kati ya 1902 na 1912 mwili wa mwanamke uligeuzwa kabisa. Ile patani ya kifua cha njiwa ni ya mwanzoni, kama 1900 hadi 1907. Kozeti yake ina ubao ulionyooka mbele, unasukuma nyonga nyuma na kifua mbele, mwili unachora herufi S. Kiuno kiko pale pale Mungu alipokiweka, tena mbele kinashuka kidogo. Picha uliyoieleza ni ya 1911 au 1912. Kiuno kimepanda chini ya maziwa na mwili umesimama wima kama mlingoti. Paul Poiret, mbunifu wa mavazi wa Paris, alianza kupandisha viuno karibu mwaka 1906 na kuwavua wateja wake kozeti ile ya S, na wengine wakamfuata. Kozeti za 1912 zipo, lakini ni ndefu: zinaanzia chini ya maziwa zinashuka hadi mapajani, kazi yake kulaza nyonga. Hazibani kiuno kikawa chembamba. Wewe umechukua gauni la 1912 ukalivika mwili wa miaka saba nyuma yake, ndiyo maana mkanda ulipanda upande.

Siku hizi nikiona picha ya zamani, kitu cha kwanza natafuta kiuno. Nikishajua kilipo, mwaka naukisia nisikosee sana.

Kosa la pili ndilo kubwa, na nalisema kwa upendo kwa sababu hata mimi nililifanya nilipoanza. Umetundika uzito mabegani. Gauni lile halikutundikwa mabegani hata kidogo.

Niliwahi kuomba miadi kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London, nikatolewa magauni ya jioni mezani nikaruhusiwa kutazama ndani. Wana nguo za bibi mmoja aitwaye Heather Firbank, aliyezaliwa 1888, tajiri, aliyenunua kwa mafundi wakubwa wa London. Alipenda rangi ya zambarau hafifu kwa kuwa jina lake ni jina la ua la rangi hiyo. Nguo zake zilikaa kwenye masanduku miaka mingi, makumbusho ikazipata 1957. Baadhi alinunua kwa Lucile. Huyo Lucile, Lady Duff Gordon, alikuwamo mwenyewe ndani ya Titanic mwaka 1912 akaokoka kwenye mashua, kwa hiyo binti yako hakukosea kabisa kuitaja meli ile.

Kwa nje utasema magauni yale ni moshi. Ukiyageuza unakuta jengo. Ndani ya kila gauni kuna ukanda mgumu uliofumwa, umeshonewa mifupa mifupi, yaani vijiti vyembamba vigumu, unafungwa kwa kulabu peke yake kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye magauni ya Worth, nyumba ya mavazi ya Paris, jina lake limefumwa juu ya ukanda huo. Mvaaji akishaufunga, ukanda unang'ang'ania mwili, halafu sketi, neti, shanga na mkia vyote vinaning'inia hapo. Juu ya ukanda kuna bodi ya ndani, yaani sehemu ya kifuani, ya pamba au hariri nyembamba, imebana barabara. Neti ya shanga imelazwa juu yake, tena imekatwa ndefu kidogo kuliko bitana ili isivutwe. Bitana ndiyo inayobana, neti imepumzika juu. Nilisimama pale nikaona haya kwa magauni yote niliyokuwa nimeshona kabla ya siku ile.

Sasa fanya hivi. Nunua utepe mgumu wa upana wa sentimita 7 hivi. Mpime binti chini ya maziwa akiwa amesimama wima, akivuta pumzi na akiitoa, uchukue kipimo cha katikati. Kwa mifupa, ukikosa ya chuma, chukua zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, zile pana, kata vipande saba, unguza ncha zisichome, shonea juu ya utepe kwa kuziachanisha sawasawa. Nyuma weka kulabu tatu. Mvalishe ukanda huo mtupu, mwambie atembee, akae, ainame. Ukipanda, bado mpana. Usiendelee mpaka ukanda utulie.

Halafu neti yako uikate vipande viwili pale kiunoni. Najua inauma, kata tu, mkanda wa hariri utaficha. Kipande cha chini, chenye shanga nyingi, kishone moja kwa moja kwenye ukanda. Sketi ya satini nayo ukandani. Kipande cha juu kishone kwenye bodi ya pamba, ukiacha sentimita moja ya kulegea pande zote. Mabega yatabeba neti ya mikono tu. Ukimaliza litundike gauni kwenye ukanda wake, siyo kwenye henga mabegani, siku mbili usiku na mchana, ndipo ukate pindo. Ukikata pindo siku hiyo hiyo litakudanganya.

Kuhusu nyeusi, mama yake anasema kweli na mheshimu. Huko pia nyeusi ilikuwa ya msiba. Mfalme Edward VII alikufa Mei 1910, na mwezi uliofuata kwenye mbio za farasi za Ascot watu wa daraja la juu walijaa uwanjani wakiwa wamevaa nyeusi, na kofia kubwa nyeusi. Hata hivyo neti nyeusi juu ya kitambaa cheupe ilivaliwa sana usiku bila msiba wowote, kwa sababu taa zilipita kwenye shanga zikarudi kwenye satini. Usimbishie mama. Mpe kitu cha kumfurahisha macho: badilisha mkanda wa kiunoni uwe wa zari. Tanga hamkosi mtu anayedarizi majoho kwa zari. Nyeusi yenye dhahabu kifuani haina sura ya matanga.

Na nikitaja zari nakumbuka gauni ninalolipenda kuliko yote. Mary Curzon alikuwa binti wa tajiri wa Chicago, mume wake alikuwa gavana mkuu wa Uingereza kule India. Januari 1903 palifanyika dansi kubwa Delhi ya kusherehekea kutawazwa kwa Edward VII. Akaingia na gauni la tausi. Kitambaa kizima kimedariziwa manyoya ya tausi kwa nyuzi za dhahabu na fedha, na kwenye kila jicho la unyoya kuna kipande cha bawa gumu la mbawakawa, kijani kinachong'aa. Watu wanaandika gauni la Worth, na kweli Worth alilikata na kulishona Paris, akatia mawaridi meupe kwenye pindo. Lakini vitambaa vilidariziwa India, na mafundi wa Kihindi, kisha vikapelekwa Paris. Kazi yao ni ile ile ya zari inayokwenda kwenye majoho yetu pwani, hata neno ni lilelile. Majina yao hayakufumwa kwenye ukanda wowote.

Lina uzito wa karibu kilo 4 na nusu. Mara tatu ya shanga zako, mwanangu, na alicheza nalo dansi. Sasa liko Kedleston, nyumba ya ukoo wa Curzon katika jimbo la Derbyshire. Nilisimama muda mrefu mbele ya kioo chake. Fedha imepoteza mng'ao kwa miaka, lakini mabawa ya mbawakawa bado yanawaka kama jana.

Mary mwenyewe alikufa 1906, akiwa na miaka 36.

Fundi Mwanahawa, Tanga

Shikamoo Bi Rukia. Nimesoma mara tatu, mara ya mwisho nimeisoma kwa sauti ili msichana ninayemfundisha asikie. Kesho naenda kununua utepe. Kukata neti mkono unatetemeka, lakini nitakata.

Naomba kuuliza: hizo satini za zamani mbona nasikia zinapasuka zenyewe zikiwa zimehifadhiwa tu? Binti anataka gauni hili alitunze awarithishe wanawe.

Bi Rukia, Mombasa

Marahaba mwanangu. Swali zuri. Hariri ikitolewa gundi yake ya asili kwa kuchemshwa hupungua uzito, karibu robo. Na hariri iliuzwa kwa uzito. Basi wapaka rangi wakarudisha ule uzito kwa kuizamisha kwenye chumvi za madini, hasa za bati. Hariri ikawa nzito, inaanguka vizuri, inatoa ule mlio wa kuchakarisha mtu akitembea, na mteja anafurahi. Lakini chumvi zile zinaula uzi polepole. Ndiyo maana utakuta gauni la 1900 nje ni zima na bitana ya hariri imechanika mistari mistari kama imepigwa wembe. Bati ndilo limeila.

Satini yako ya dukani haina ugonjwa huo. Adui yako ni shanga. Mwambie gauni asilitundike kabatini. Alilaze kwenye sanduku, karatasi nyeupe katikati ya mikunjo, kila mwaka abadilishe mahali pa kukunjia.

Yusuf M., Cape Town

Nimekuta mada hii nikashindwa kupita. Mimi si fundi wa nguo, ila nimeishi Afrika Kusini miaka mingi, na suala la unyoya naliweza.

Dada Mwanahawa, mwambie binti achague wa mbuni. Manyoya ya mbuni yaliyovaliwa kwenye dansi za London na Paris yalitoka kwa wingi huku kwetu Afrika, hasa Oudtshoorn, mji mdogo wa sehemu kame ambako bado zimesimama nyumba kubwa zilizojengwa kwa pesa ya manyoya. Mwaka 1913 manyoya yalikuwa bidhaa ya nne kwa thamani ambayo Afrika Kusini iliuza nje, baada ya dhahabu, almasi na sufu. Mwaka uliofuata soko likaanguka. Vita vilikuja, manyoya yalikuwa mengi kupita wanunuzi, na motokaa zilizo wazi hazikupatana na kofia pana zenye manyoya. Wafugaji waliolala matajiri wakaamka na madeni.

Mbuni hukatwa unyoya akiwa hai, ukaota tena. Lakini kwenye picha za 1912 utaona pia kishada cheupe chembamba kilichosimama kichwani kama moshi. Hicho ni manyoya ya yangeyange. Yangeyange huota manyoya yale wakati wa kutaga na kulea, kwa hiyo wawindaji waliwapiga viotani, makinda yakafa njaa. Wanawake wa Uingereza wenyewe walianza kupinga jambo hilo tangu 1889, na sheria ya kuzuia kuingiza manyoya hayo ilipita 1921. Mimi kila nikimwona yangeyange nyuma ya ng'ombe nashukuru kwamba mtindo ule ulipita.

Na kama binti atataka manyoya matatu meupe, hiyo ilikuwa desturi ya kwenda kujitambulisha mbele ya mfalme wa Uingereza, pamoja na shela na mkia wa karibu mita tatu. Kwa gauni la chakula cha usiku moja linatosha.

Fundi Mwanahawa, Tanga

Asante kaka Yusuf. La yangeyange nitamweleza, ni binti mwenye huruma.

Bi Rukia, ripoti. Ukanda nilishona, mara ya kwanza ulipanda, nikapunguza sentimita mbili, ukatulia. Neti nimekata. Jana alijaribu akasimama saa nzima akiongea na simu, nikapima bega kabla na baada: limeshuka milimita mbili. Sijalala kwa furaha. Mkanda wa zari ameudarizi mzee mmoja hapa anayefanya majoho, na mama yake binti alipouona aliushika kwa mikono miwili akakaa kimya, halafu akauliza kama kitabaki kitambaa cha mtandio wake. Nyeusi haikutajwa tena.

Yamebaki mawili: glavu na mkia. Ataingia ukumbini akicheza, na wapambe wanane nyuma yake.

Bi Rukia, Mombasa

Alhamdulillahi. Huyo mzee mwandike jina lake ndani, kwenye ukanda, chini ya lako.

Glavu za jioni zilipimwa kwa vifungo. Za vifungo 16 zinapita kiwiko, na nyingi zilikuwa na mpasuko pale kifundoni wenye vifungo vidogo, mwenye glavu anatoa kiganja nje na kuikunja glavu ndani bila kuivua mkono mzima. Kwenye dansi zilivaliwa, mezani wengi walizivua kabisa. Kwa hiyo mpasuko wa sentimita 8 upande wa ndani wa kifundo, vifungo vitatu vya lulu. Wakati wa keki anatoa kiganja cha kulia tu. Mfanyishe mazoezi nyumbani mara tano, asije akahangaika mbele ya wakwe.

Mkia: ndani ya pindo, kwa chini, shonea ukingo wa marinda ya pamba unaoweza kubanduliwa. Wenzetu walifanya hivyo ili uchafu wa sakafu uishie hapo, wanaubandua na kuufua. Kisha pale ncha ya mkia inapoanza kugusa chini, upande wa ndani, tia kitanzi cha utepe wa rangi ya satini. Akianza kucheza anakivaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mkia unapanda wenyewe. Urefu wa kitanzi mpimie akiwa amevaa viatu vile vile vya siku hiyo. Akija kujaribu na kandambili mrudishe nyumbani akalete viatu.